Lebo ya Viljandi

Simu ililia saa nane usiku, Tartu,
mto Emajõgi umeanza kuganda kingoni,
na muuguzi wa Viljandi, bila hata salamu, akaniambia:
Pampu yenu inahesabu matone vibaya.
Mgonjwa yu salama, tumewahi.
Lakini humu ndani mmetuwekea toleo gani?

Toleo gani.
Swali dogo, kama punje ya mchanga ndani ya kiatu.

Nikawasha kompyuta kwenye meza ya jikoni,
koti juu ya nguo za kulalia,
nikafungua hazina ya msimbo: marekebisho elfu nne na mia sita,
kila moja na utambulisho wake mrefu, herufi na tarakimu,
usiomwambia kitu mtu aliyetoka usingizini.

Vialamisho nilivikuta. Ila vialamisho ni wasafiri,
ukiandika, ukihifadhi, navyo vinapiga hatua.
Kile cha "tayari" kilikuwa kimehama mara mia mbili
tangu pampu zipakiwe kwenye gari la hospitali.
Muulize msafiri alilala wapi Januari,
atakuonyesha kiti alichokalia sasa.

Na lebo? Siim, kijana wetu, alibandika zake:
"mwisho", "mwisho-kabisa", "mwisho-kweli-sasa".
Mwisho wa nini, hakuandika.

Ndipo nikaiona, katikati ya rundo:
"iliyokwenda-viljandi", na tarehe,
na namba za pampu zote kumi na mbili.

Arvi.
Arvi tuliyemcheka kwa lebo zake,
tukasema ni kama mama anayeshona majina
kwenye soksi za mtoto anayekwenda bweni.
Aliondoka Februari, hata keki ya kuagana hakungoja.
Sasa anafuga kondoo kisiwani Saaremaa.

Nikarudi hadi pale alipochomeka kigingi.
Hazina ikajikunja, miezi kumi na mmoja ikatoweka,
kazi yangu yote ya kiangazi ikawa haijazaliwa.
Mstari wa mia tatu na kumi na nane.
Palipotakiwa "chini ya"
paliandikwa "chini ya, au sawa na".
Tone moja la ziada. Jina la mwandishi pembeni:
langu.

Mficha uchi hazai. Nikalitoa kosa hadharani, nikalirekebisha,
nikalijaribu mara tisa, na mara ya kumi kwa hofu tu.

Saa kumi na moja nikampigia Arvi,
maana wafugaji huamka mapema,
au ndiyo sababu niliyojipa.
Akasikiliza. Kondoo alikohoa nyuma yake.
"Umeweka lebo?"
Bado.
"Weka. Na usisahau, yenyewe huandikwa
kwenye rekebisho linalofuata.
Siku haijipi jina. Hupewa na kesho yake."

Kisha kimya. Kisha, kama anayeulizia
mwavuli aliousahau kwa watu:
"Kile kialamisho changu, mlikifuta?"

Kipo. Kinaitwa "jaribu-tena".
Kimesimama kwenye Alhamisi moja ya Februari, saa tisa na dakika kumi,
juu ya kazi iliyoachwa nusu,
mabano yamefunguliwa, hayajafungwa.
Sote tumepita pembeni yake tukiendelea mbele,
kama watu wanaokizunguka kiti kwenye ukumbi
kwa kuwa kina koti la mtu.

"Kifuteni," akasema.
Nikasema sawa.

Niliandika: "viljandi-ya-pili. Pampu kumi na mbili.
Kosa la kuhesabu. Kosa langu."
Nikaisukuma hadi kwenye seva.
Theluji dirishani ilikuwa bado ya buluu.

Siim aliingia ofisini saa tatu, akapitia orodha,
akauliza kama akiondoe hiki cha zamani,
hiki kisichotembea.

Nilimwambia akateleke maji ya kahawa.